Lubumbashi: Mbwa asiyeweza kubaki peke yake hawezi kulinda nyumba

Kila asubuhi, tangu Golf hadi Katuba, milango ya parseli inafunguka, watu wanatoka kwenda kazini, sokoni na masomoni, kisha milango inafungwa tena. Nyuma ya baadhi ya milango hiyo anabaki mbwa anayelia. Hamlilii mwizi, maana saa moja ya asubuhi mwizi hayupo. Analia kwa sababu mtu wake ameondoka. Analia nusu saa, pengine saa nzima. Anakwangua mlango mpaka rangi inatoka, anachimba chini ya ukuta, anakojoa juu ya kiti cha mwenye nyumba. Bukari aliyowekewa inabaki kwenye sahani pamoja na nzi. Jioni mwenye nyumba akirudi anarukiwa kifuani kama mtu aliyefufuka, na kabla hajavua viatu jirani anapiga hodi: "Mama, ile imbwa yenu haituachake kulala." Jirani huyo ni sentineli, anafanya kazi usiku, na usingizi wake ni wa mchana.

Juu ya mbwa wa namna hii watu wanasema maneno ya aina mbili. Wengine wanacheka na kujisifu kwamba anampenda sana papa, anamfuata hata chooni. Wengine wanasema ameharibika, amelelewa kama mtoto wa bosi, na dawa yake ni fimbo. Pande zote mbili zinakosa. Mbwa huyo hana upendo kuliko mbwa wengine, wala hana kichwa kigumu. Anaogopa. Na mbwa anayeogopa kubaki peke yake hafai kwa kazi ile ile iliyofanya aletwe nyumbani.

Hapa ndipo wakaaji wa Lubumbashi wangepaswa kuliangalia jambo hili kwa macho mengine. Katika mji huu wachache tu ndio wanaofuga mbwa kwa kupiga naye picha. Umeme wa SNEL unakatika, giza linaingia, na watu wanalala wakisikiliza kila mlio wa bati. Familia ambayo haina uwezo wa kulipa sentineli inaweka mbwa. Familia yenye uwezo inaweka sentineli, inaweka mbwa, halafu inaandika kwenye mlango "chien méchant" hata kama mbwa mwenyewe anatetemeka chini ya gari. Kila mmoja anataka kitu kimoja: asipokuwapo, pawe na mwenye masikio nyumbani.

Lakini ni wakati huo huo, wenyewe wasipokuwapo, ndipo mbwa aliyeshikamana na mtu mmoja anapovunjika. Akili yake yote iko kwenye mlango aliopitia mtu wake. Mtu mwingine akiruka ukuta wa nyuma, mbwa huyo anaweza hata asimwone. Au anamwona na kumkimbilia akitikisa mkia, kwa sababu afadhali mgeni kuliko upweke. Tena yule anayelia mchana kutwa amekwisha kuwafundisha majirani wote kutomsikiliza. Sauti yake ya Jumatatu saa mbili asubuhi ni ile ile ya Alhamisi usiku. Wezi wanalijua jambo hilo vizuri kuliko wenye nyumba. Nyumba ambayo mbwa wake analia kila siku bila sababu ni sawa na nyumba isiyo na mbwa, ila tu chakula chake kinanunuliwa.

Elimu juu ya mshikamano wa namna hii haikuanzia kwa mbwa. Ilianzia kwa watoto wachanga, na si mbali na hapa. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala, akaanza kutembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vya karibu na mji huo. Alikaa nao, akaangalia jinsi watoto wanavyowafuata mama zao. Kitu alichokiona mama yeyote wa Kenya au wa Ruashi angeweza kumwambia: mtoto mwenye uhakika na mama yake ndiye anayethubutu kutambaa mbali. Anakwenda, anageuka kuangalia kama mama yupo, anaendelea. Mtoto asiye na uhakika ndiye anayeng'ang'ania kitenge. Kitabu chake juu ya watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967, na fikira hiyo ya mama kuwa kituo ambacho mtoto anaondokea na kurudia ikaenea dunia nzima.

Miaka thelathini baadaye wataalamu wa Budapest, huko Hungaria, walichukua jaribio ambalo Ainsworth alilitengeneza baadaye kwa ajili ya watoto, wakalifanya kwa mbwa 51 pamoja na wenyewe. Matokeo yalitoka mwaka 1998. Mbwa alionyesha kwa mwenye kumfuga mambo yaliyofanana na ya mtoto kwa mama: mwenyewe akiwapo anacheza na kuchunguza chumba, mwenyewe akitoka anasimama mlangoni. Mwaka 2013 wengine huko Vienna waliwapa mbwa kifaa chenye chakula ndani, ambacho mbwa lazima akihangaikie ili chakula kitoke. Mwenyewe akiwapo chumbani, hata akikaa kimya, mbwa alifanya kazi kwa muda mrefu. Mwenyewe akitolewa, wengi waliacha haraka, ingawa chakula kilikuwa kile kile. Mgeni kukaa mahali pake hakukusaidia sana.

Majaribio hayo yanavunja fikira moja inayopendwa sana mjini, kwamba mbwa anafanywa kuwa jasiri kwa kunyimwa. Asiguswe, asiitwe, atupwe nje, atazoea. Mbwa anayetupwa nje akiwa na hofu hazoei chochote. Anajifunza kwamba hofu yake ilikuwa ya kweli. Ushujaa unatoka upande mwingine. Mbwa mwenye uhakika kwamba mtu wake anarudi ndiye anayeweza kumwacha aende.

Fimbo ni mbaya zaidi. Mwenye nyumba anarudi saa kumi na moja, anakuta mlango umekwanguliwa, anampiga mbwa. Kwa mtu, kipigo kinahusu mlango. Kwa mbwa, mlango ni habari ya asubuhi, amekwisha kuusahau. Yeye anaona tu kwamba yule aliyemngoja siku nzima amefika na kumpiga. Kesho atangoja kwa hofu mbili: hofu ya kuachwa na hofu ya kurudiwa. Watu wanaosema "anajua kosa lake, angalia anavyoinamisha kichwa" wanasoma vibaya. Anainamisha kichwa kwa sababu anausoma uso wa mtu, na uso huo umekasirika.

Mnyororo nao una watetezi wengi. Ni kweli kwamba mbwa wa mnyororo hawezi kuharibu kochi. Lakini anayefungwa mita mbili tangu asubuhi hana mahali pa kukimbilia anapoogopa, na mnyama asiye na pa kukimbilia anabakiza meno peke yake. Ndiyo sababu mbwa wa mnyororo akikatika anauma, na mara nyingi anamuuma mtoto, kwa kuwa mtoto ndiye anayepita karibu. Wenye kutaka mbwa mkali wanafurahi kuona anaruka na kutoa povu. Ule si ulinzi. Mlinzi anachagua nani wa kumbwekea; mwenye hofu anambwekea hata mwenye nyumba aliyevaa kofia mpya.

Na kumletea mbwa wa pili? Dawa hiyo inafaulu mara chache, kwa sababu mbwa wa kwanza hakukosa mbwa mwenzake, alikosa mtu. Mara nyingi familia inajikuta na mbwa wawili wanaolia.

Wenye kudhani kwamba mbwa kwa asili yake hawezi kujitegemea wangekumbuka kwamba ni Congo hii iliyoipa dunia mmoja wa mbwa mashuhuri kwa kujitegemea. Ni basenji, mbwa wa wawindaji wa misitu, ambaye karibu habweki, na ambaye wawindaji wanamfunga kengele shingoni ili wajue yuko wapi. Wazungu walimpeleka Uingereza katika miaka ya 1930, na leo anafugwa mpaka Marekani. Jina lake limetoka Lingala, na anayesema Kiswahili atasikia ndani yake neno lile "washenzi", watu wa porini, jina ambalo hakuna mtu anayependa kuitwa lakini mbwa amelibeba bila malalamiko. Sifa ya basenji huko nje ni kwamba anafanya anavyotaka. Hata hivyo si damu peke yake. Mbwa wa kijijini, awe wa msituni au wa njia ya Kasenga, hakufungiwa nyuma ya ukuta na mtu mmoja. Analishwa na huyu, anafukuzwa na yule, anafuatana na watoto mtoni, anarudi jioni. Ana watu wengi na ana shughuli. Mbwa wa parseli ya mjini ana mtu mmoja, ukuta mmoja na saa kumi za kungoja.

Kwa hiyo kazi ya kumsaidia ni kumpa tena vitu hivyo vitatu, yaani watu, shughuli na uhakika. Haihitaji feza nyingi. Inahitaji saburi, na ndiyo maana wengi wanaikimbia.

Kwanza inafaa kujua hofu yake inaanza wapi. Telefone ya zamani ikiachwa chumbani inarekodi, familia itaona mambo yenyewe badala ya kubishana na jirani. Mara nyingi mbwa mwenye hofu ya kuachwa anaanza kulia mara tu mlango unapofungwa, na nusu saa ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote. Anayelala saa mbili halafu akabweka paka amepita, huyo hana ugonjwa huu. Na yule anayetafuna viatu kwa sababu hana la kufanya anahitaji mazoezi na kitu cha kutafuna tu.

Tena kwa mbwa wengi hofu haianzi mlangoni, inaanza kwenye funguo. Mbwa amekwisha kuzisoma dalili: viatu vya kazi, mkoba, funguo, sauti ya pikipiki. Dakika kumi kabla mtu hajatoka, mbwa amekwisha kuanza kuhema. Dalili hizo zinaweza kuharibiwa. Mama achukue funguo, aende jikoni, aziweke, aendelee kuchagua maharagwe. Papa avae viatu vya kazi siku ya Mungu, akae navyo akisikiliza redio. Baada ya siku kadhaa za mambo haya yasiyo na maana, funguo zinakuwa funguo tu. Watu wa nyumba watacheka, na wacheke.

Halafu mbwa apewe mahali pake. Mkeka, gunia safi au kitenge kizee chenye harufu ya mwenye nyumba, pembeni mahali ambapo watoto hawamkanyagi. Pale ndipo anapopewa vitu vizuri: mfupa mbichi mkubwa, kipande cha mkate mkavu. Mfupa wa michopo hapana. Uliopikwa unavunjika vipande vyenye ncha na kumjeruhi tumboni. Ajifunze kukaa pale mtu akiwa chumba hicho hicho, kisha mtu akiwa chumba cha pili mlango ukiwa wazi, kisha mlango ukisukumwa kidogo. Mbwa anayemfuata mtu chooni hawezi kuachwa saa nane. Lazima kwanza akubali kuachwa sekunde nane.

Na kweli mambo yanaanza kwa sekunde. Mtu anatoka, anafunga mlango, anahesabu mpaka tano, anaingia kabla mbwa hajalia, bila sherehe. Kesho kumi. Kisha nusu dakika, kisha tena kumi, kisha dakika mbili. Muda usipande kama ngazi kila siku, maana mbwa atagundua kwamba kila mara inakuwa vibaya zaidi. Upande na kushuka. Kanuni ni moja: kurudi kabla ya kilio. Akilia, ni alama kwamba mtu amekwenda mbele haraka, arudi nyuma hatua mbili. Kwa mbwa wengi dakika thelathini za kwanza zinachukua majuma mengi kuliko saa zote zinazofuata.

Hapa ndipo penye ugumu wa kweli, na washauri wengi wanaruka bila kusema. Mama mwenye meza sokoni Mzee hawezi kurudi baada ya sekunde kumi. Mwalimu hawezi kukosa masomo majuma sita kwa ajili ya mbwa. Katika miji ya Ulaya wanaajiri mtu wa kukaa na mbwa. Lubumbashi ina kitu cha bei nafuu zaidi, nacho ni watu wengi katika parseli moja. Koko anayekaa nyumbani, mdogo wa mama aliyekuja kusoma, mpangaji wa nyumba ya nyuma, sentineli. Wakati mazoezi yanaendelea mbwa asiachwe peke yake kuliko anavyoweza; aachwe na mmoja wao. Na huyo mmoja asiwe mtazamaji. Amlishe, amtembeze, amwite. Nyumba nyingi zimejifunga zenyewe kwa kuacha mtu mmoja afanye yote, tangu chakula hadi maji ya kuoga, halafu zinashangaa mbwa kumkataa kila mtu mwingine.

Sentineli hasa amesahauliwa. Anaambiwa alinde nyumba pamoja na mbwa ambaye hajawahi kumpa hata tonge. Usiku kucha wanaogopana, huyu na tochi yake, yule chini ya dirisha la mwenye nyumba. Sahani ya jioni ikipita mikononi mwa sentineli kwa majuma mawili, nyumba inapata walinzi wawili wanaoshirikiana.

Jambo hili linazigusa kwa namna ya pekee familia za wafanyakazi wa migodi. Papa anakwenda Kolwezi au Fungurume majuma mawili, matatu, kisha anarudi kupumzika. Akiwa nyumbani anakuwa na mbwa tangu asubuhi hadi usiku, anamlisha kwa mkono, analala naye mbele ya televisheni. Siku ya kuondoka basi la kampuni linafika alfajiri, na mbwa anaanguka kama jiwe kisimani. Hali, anakonda, anasimama kwenye mlango wa chuma. Mama ana watoto wanne na hana nafasi ya kumbembeleza. Baba wa namna hiyo anaweza kusaidia akiwa bado nyumbani, si kwa kumtenga mbwa, bali kwa kutoka kila siku bila yeye, kwa kumwachia mtoto mkubwa sahani, kwa kuacha mama ndiye amwite jioni. Siku mbili za mwisho kabla ya safari si wakati wa mapenzi makubwa. Kwa watu ni jambo gumu kulisikia.

Ulimwengu mzima ulijifunza jambo hilo wakati wa Covid. Mwaka 2020 shule zilifungwa, ofisi zikafungwa, watu wakakaa nyumbani pamoja na wanyama wao, na watoto wengi wa mbwa wakakua bila kuona mlango ukifungwa. Maisha yaliporudi, madaktari wa wanyama katika nchi nyingi wakaanza kupokea mbwa wasiojua upweke ni nini. Hawakuwa wameharibiwa na mapenzi. Walikuwa hawajafundishwa tu.

Kubaki peke yake ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumpa mbwa sababu ya kuwa na roho ya ujasiri. Badala ya kumwekea bukari yote katika sahani, nusu imwagwe kwenye majani ya uwanja aitafute kwa pua. Chupa ya plastiki isiyo na kifuniko, yenye punje za chakula ndani, inamshughulisha robo saa, mradi mtu awepo asije akaila plastiki yenyewe. Atembezwe asubuhi kabla ya watu kutoka, tena aachwe anuse. Mwendo wa dakika ishirini wa kunusa kila mti wa Bel-Air unamchosha vizuri kuliko kukimbizwa. Afundishwe kungoja, kukaa, kwenda mahali pake. Kila anapofaulu kitu bila kusaidiwa, anakua kidogo.

Walinzi wa mbuga ya Virunga, kule Kivu ya Kaskazini, wanayajua hayo kwa kazi. Tangu mwaka 2011 wana kikosi cha mbwa wa kunusa, wenye masikio marefu, wanaofuata nyayo za majangili. Mbwa wa namna hiyo ana mshikamano mkubwa na mlinzi anayemwongoza. Lakini katika kazi yeye ndiye anayetangulia mbele ya kamba, anaamua njia kwa pua yake, na mtu ndiye anayemfuata. Mshikamano na ujasiri vinakaa katika mnyama mmoja bila ugomvi.

Mtoto wa mbwa ni habari nyingine, rahisi zaidi, kama watu wangekubali kungoja. Anayetenganishwa na mama yake kabla ya majuma nane anakosa mafundisho ambayo hakuna mtu atakayempa. Tangu majuma matatu hadi kama kumi na mbili ndipo anapojifunza dunia si ya kuogopa: pikipiki, mvua juu ya bati, mtoto anayelia, mama mwenye mwavuli. Kumnunua pembeni ya barabara akiwa na mwezi mmoja kwa sababu ni mdogo na mzuri, kumlaza kifuani miezi mitatu, kisha kumtupa nje akinuka, ni kumtengeneza yule mbwa anayelia.

Kuna wakati mazoezi hayatoshi. Mbwa mzee ambaye ghafla ameanza kumganda mtu pengine haoni tena, hasikii, au ana maumivu. Anayejiumiza kwa kugonga mlango anahitaji daktari, na dawa za kupunguza hofu zipo, lakini haziuzwi kama vidonge vya kichwa. Zinapimwa na daktari wa wanyama. Lubumbashi haijakosa: Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha udaktari wa wanyama, na wengi waliosoma pale wanafanya kazi mjini.

Tena liko jambo zito kuliko kelele. Mbwa aliyebadilika ghafla, mkali akawa mpole kupita kiasi au mpole akawa mkali, huenda ana kichaa cha mbwa. Kwa kila watu mia wanaokufa kwa ugonjwa huo duniani, karibu 99 wameupata kwa mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo kama 59.000 kila mwaka, vingi Afrika na Asia, na karibu nne katika kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikianza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Mbwa anayechimba chini ya ukuta ili amfuate mtu wake anaingia barabarani, anakutana na mbwa wasiochanjwa, anaumwa, anarudi jioni kulala na watoto. Hapo hofu ya mbwa mmoja imekuwa habari ya avenyu nzima. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo kuomba chanjo, hata kama mbwa ni wa jirani na anajulikana kwa jina.

Wako watakaosema kwamba katika mji ambao watu wanakula mara moja kwa siku, kuzungumza juu ya moyo wa mbwa ni anasa. Lawama hiyo haiwezi kupuuzwa. Watu wameona mbwa wa bosi akila nyama mbele ya mfanyakazi ambaye hajalipwa. Lakini mazoezi haya hayanunui nyama. Yanatumia funguo, mkeka, bukari ile ile na watu wale wale. Kinachogharimu feza ni mlango wa kutengenezwa kila mwaka, ugomvi na jirani mpaka kwa chef de quartier, na mbwa anayegawiwa toka mkono hadi mkono, kila nyumba ikimwongezea hofu, mpaka nyumba ya nne inampiga risasi au kumtupa njia ya Kasumbalesa. Watoto wa nyumba nao wanaangalia. Wanaona mnyama anapigwa kwa sababu anaogopa.

Kwa mwenye kutaka kuanza, miezi ya kiangazi inafaa kuliko mingine. Usiku ni baridi na anga ni tulivu. Mvua zikifika kuelekea Novemba, radi za Katanga zinatikisa mabati, na mbwa aliyekwisha kuzoea saa mbili za upweke anaweza kurudi kwenye dakika tano kwa dhoruba moja. Ikitokea, mlango wa ndani uachwe wazi, mkeka uvutwe mbali na dirisha, na hesabu ya sekunde ianzwe tena kesho yake.